Geti la Mwalimu Shimo

Mwalimu Shimo alianza kurefuka siku ile ile aliyozikwa.

Enzi za uhai wake alikuwa mfupi, mwenye kitambi cha kiasi na miwani iliyofungwa waya mkono mmoja, na hakuna aliyepata kumdhania mrefu. Lakini msibani kila aliyesimama kuzungumza alimwongezea inchi kadhaa. Mwenyekiti wa mtaa alisema marehemu alikuwa mlima. Jirani mmoja, ambaye alikuwa akizima taa kila Mwalimu alipopita kukusanya watu wa kuzibua mitaro, alisema wao wawili walikuwa kama pete na kidole. Mwalimu mkuu akahitimisha kwa kusema marehemu alikuwa nguzo ya shule, na kwamba yeye binafsi hakuwahi kufanya uamuzi wowote mzito bila kumtafuta kwanza.

Mjane, aliyekuwa ameketi mbele na khanga usoni, alitikisika mabega. Wanawake waliokuwa kando yake wakamshika mikono, wakamwambia alie tu mama, alie. Alikuwa hajalia bado. Alikuwa anakumbuka jinsi mwalimu mkuu alivyokuwa akitorokea mlango wa nyuma wa ofisi yake kila alipoona miwani ile ikija kwenye korido, na alikuwa anajizuia kwa nguvu zake zote asicheke mbele ya jeneza la mumewe.

Mjane huyo mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa sebuleni chini ya dirisha lililotazamana na shule, ng'ambo ya barabara. Watoto wengi wa shule ile walivaa sare zilizopita mikononi mwake, na kwa hiyo aliwajua kwa viuno na urefu wa mikono kabla hajawajua kwa sura. Mumewe alifundisha sayansi palepale. Asubuhi alivuka barabara, jioni akavuka tena kurudi, na katikati ya hapo Fundi aliweza kumsikia, maana alikuwa na sauti ya kufundishia watu walioko mbali.

Jina la Shimo hakupewa na wazazi wake. Lilitoka kwa walimu wenzake, na halikuwa jina la heshima. Mwaka mmoja mvua kubwa zilinyesha na vyoo vya wasichana vikatitia, ukuta na paa vyote vikazama, na bahati nzuri hapakuwa na mtu ndani. Shule ikazungushia mabati, ikasema vitajengwa vingine. Mwezi uliofuata, kwenye kikao cha walimu, ajenda zilipokwisha na watu wakaanza kutafuta viatu vyao chini ya meza, ilibaki ajenda ya mengineyo. Mwalimu akanyoosha mkono. Akauliza lile shimo limefikia wapi. Akajibiwa liko kwenye mpango. Mwezi uliofuata akauliza tena. Akauliza mwaka huo, na mwaka wa pili, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu tena. Ikafika mahali neno mengineyo likitajwa tu, chumba kizima kinaguna. Wakamwita Mwalimu Shimo, yeye akaitika kama aliyebatizwa, akaendelea kuuliza.

Jumamosi alikuwa haonekani nyumbani. Alivaa buti za mpira, akabeba koleo begani, akaenda kuzibua mitaro ya watu au kumchimbia choo bibi fulani asiye na mtu. Jioni mbili za wiki aliwafundisha watu wazima kusoma, kwenye darasa lisilo na vioo. Hakulipwa hata senti na hakuona ajabu. Watu walisema ana moyo wa kujitolea, na kweli alikuwa nao. Kasoro yake ilikuwa moja: moyo ule ulikuwa haupiti mlango wa nyumbani kwake. Choo chao wenyewe, kilichokuwa uani, mlango wake haukuwa na komeo. Lilivunjika binti yao akiwa mdogo, na Mwalimu akasema atalitengeneza, yaani na yeye alikuwa na mpango. Kwa hiyo nyumba ile ilizoea kuimba. Aliye ndani aliimba ili wa nje wajue kuna mtu, na kila mmoja alikuwa na wimbo wake. Ukisikia wimbo wa mtu unakatika ghafla, unajua anatoka.

Kisha wasichana wa shule wakaanza kuja.

Ilianza kwa binti yao. Yeye alikuwa na bahati ya kukaa ng'ambo ya barabara, basi alipobanwa alikuja nyumbani mbio. Rafiki yake akamfuata. Wengine wakamfuata rafiki. Wale wa madarasa ya juu, ambao kila mwezi walikuwa wakikosa masomo siku kadhaa bila kusema sababu, wakaacha kukosa. Mwalimu aliliona hilo kwenye mahudhurio, akarudi nyumbani uso umemchangamka kama mtu aliyegundua nyota. Akamwambia mkewe kwamba kuanzia sasa mlango wa uani uachwe wazi mchana kutwa. Tangu hapo, kengele ya mapumziko ikilia, foleni ilijipanga kutoka mlango wa uani mpaka kwenye kamba ya nguo, na nyimbo zikawa nyingi kuliko redio.

Mwalimu alijitwika kazi ya maji. Alfajiri, kabla hajavaa tai, alichota maji bombani ndoo kwa ndoo akajaza pipa la uani, kisha akaenda kazini na dhamira safi. Kusugua, kumwaga dawa na kuzibua palipoziba ilibaki kuwa kazi ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa na gauni la harusi la mteja mezani na brashi ya choo mkononi.

"Wewe unajitolea," Fundi alimwambia siku moja. "Mimi ninatolewa."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Jumapili iliyofuata akachukua brashi mwenyewe, akasugua vibaya kiasi kwamba Fundi alilazimika kurudia kazi yote kuanzia mwanzo. Tangu hapo hakumruhusu tena kuishika. Alinung'unika, ndiyo, na alikuwa fundi wa kunung'unika kama alivyokuwa fundi wa kushona. Lakini mlango wa uani hakuufunga.

Mwalimu alifariki Jumatatu asubuhi. Alikuwa amekwisha jaza pipa. Akaketi kwenye kizingiti cha uani kufunga kamba za viatu, na hakuinuka tena. Daktari alisema ni shinikizo la damu.

Wiki moja baada ya mazishi wasichana walirudi, kwanza wawili, kisha wote. Walisimama foleni kwa adabu mpya, nyuso zimewashuka, wakimwambia "Pole, mama," huku wamebana magoti. Fundi aliwajibu ameshapoa. Sasa alfajiri alichota maji yeye, na mchana akasugua yeye.

Siku si nyingi kamati ya kumbukumbu ikabisha hodi. Walikuwa watatu: mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa, na mkandarasi kijana aliyewahi kufundishwa na marehemu na kufeli sayansi kwa kishindo, ambaye sasa alikuwa na gari zuri na mkufu. Fundi akawapa soda. Wakaeleza kwamba wanafunzi wa zamani wamechanga kutoka kila pembe, kwamba michango imewazidi hata matarajio, na kwamba mtu kama yule hawezi kuachwa apotee hivi hivi.

"Tumeamua kujenga geti," mwalimu mkuu alisema. "Nguzo mbili, na juu yake tao. Katikati ya tao picha yake, na jina lake lote kwa ukamilifu. Mtu akipita barabarani, hata kama ana haraka, lazima amwone."

"Na vyoo?" Fundi akauliza.

Mkandarasi akaitazama soda yake kama iliyoingia mdudu.

"Vyoo viko kwenye mpango, shemeji," mwalimu mkuu alijibu.

"Viko kwenye mpango tangu binti yangu yuko darasa la tano. Sasa ana watoto wake."

Mwalimu mkuu akasogea mbele ya kiti, akashusha sauti kama anayemfariji mgonjwa. Akamwomba aelewe. Watu wametoa kwa heshima. Atawaambia nini? Kwamba heshima ya mwalimu wao ni choo? Jina la mtu mkubwa kama yule liandikwe chooni, watu wawe wanaingia na kutoka?

"Kwani getini hawaingii na kutoka?" Fundi akasema.

Mwenyekiti wa mtaa alikohoa, akasifia mapazia. Mazungumzo yakaendelea kana kwamba hakuna kilichosemwa, na baada ya nusu saa Fundi akachoka, akawaambia wafanye wanavyoona. Binti yake, ambaye ni muuguzi kwenye mji mwingine, alipopata habari kwenye simu alitaka apande basi siku hiyohiyo aje kuwatolea uvivu. Mama yake akamtuliza. Akamwambia baba yake amesema na watu wale nusu ya maisha yake na hakuwaweza, na yeye amesema nao kwa muda wa soda moja tu.

Kamati ikarudi kutaka picha. Picha nzuri ya Mwalimu ilikuwa moja tu: amesimama ndani ya shimo la choo cha mtu, udongo umemfika kifuani, koleo juu, anacheka. Waliipokea kwa mikono miwili, wakaitazama, wakairudisha. Wakaomba ile ndogo ya kitambulisho. Kwa hiyo mchoraji wa picha ya getini alipewa kichwa kidogo chenye hofu ya kupigwa picha, akajaza yaliyobaki kwa ukarimu wake. Akampa shingo ndefu, mabega mapana, nywele na suti. Miwani akaiondoa kwa sababu kioo, alisema, kinamchosha kuchora.

Fundi aliitwa kuja kuiona kabla haijapandishwa. Aliizunguka kama anayetafuta mshono wake.

"Huyu nani?"

"Ni Mwalimu, mama," mchoraji alisema.

"Mwalimu wa wapi?"

Mchoraji akacheka kidogo, akidhani ni majonzi.

Geti likakamilika. Mkandarasi, kwa kutaka sura isomeke vizuri kutoka barabarani, alilishusha tao chini kuliko lilivyochorwa mwanzo, na kila mtu akamsifu kwa ubunifu huo. Siku ya uzinduzi ikapangwa. Mgeni rasmi alikuwa Mkurugenzi wa Elimu mwenyewe. Turubai likafungwa uwanjani, spika zikakodiwa, na utepe mwekundu ukafungwa getini kutoka nguzo hadi nguzo, uje kukatwa mwisho wa hotuba. Wageni wote waliingilia kwenye upenyo wa pembeni, uliokuwa kati ya ukuta na mtaro, ambao ulimtosha mtu mmoja mmoja.

Mkurugenzi alichelewa, kama ilivyotarajiwa. Alikuwa bwana mnene, mwenye jasho na tabasamu, na jua lilikuwa kali. Akapewa maji. Akapewa soda. Akapewa maji tena. Mwalimu mkuu akasoma risala ndefu iliyoanza na historia ya elimu tangu binadamu wa kwanza. Fundi alikuwa ameketishwa mstari wa mbele, viti viwili kutoka kwa mgeni rasmi, na kabla risala haijafika nusu alijua. Mtu aliyeishi miaka yote ile kando ya foleni ya choo humtambua aliyebanwa hata kwa kisogo. Mkurugenzi alipishanisha miguu. Akaipishanisha upande wa pili. Akaketi kwenye ukingo wa kiti, akapiga makofi mahali pasipo pa makofi. Mwishowe akamwita mwalimu mkuu kwa kidole na kumnong'oneza.

Mwalimu mkuu alibadilika rangi. Choo cha walimu kilikuwa kimeziba tangu muhula uliopita, na mlango wake ulikuwa umepigiliwa ubao. Choo cha wavulana hakikuwa mahali pa kumpeleka mkubwa yeyote ambaye mtu anataka kumwona tena. Akageuka huku na huku, kisha macho yake yakavuka uwanja, yakavuka barabara, yakatua kwenye nyumba ya Fundi. Akaja akainama mbele yake.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani, "nyumbani kuko wazi?"

Fundi akainuka. Wakafuatana: yeye mbele, Mkurugenzi nyuma yake kwa hatua fupifupi, kisha mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa, na askari wa msafara. Upenyo wa pembeni ulikuwa mbali, na Mkurugenzi hakuwa na nafasi ya kuzunguka. Akaenda moja kwa moja getini, akainamisha mwili wake wote mnene, akapita chini ya utepe wake mwenyewe. Juu yake yule mwalimu mzuri wa kwenye picha alitazama mbali.

Uani walikuta watu. Wasichana wa darasa la saba walikuwa wamesubiri watu wakolewe na risala, wakaponyoka. Watatu walikuwa foleni na mmoja alikuwa ndani anaimba. Waliposikia viatu wakageuka, wakaona askari, wakaganda. Wa ndani naye akakatisha wimbo, akatoka, akapiga goti na kusema "Shikamoo," huku anatafuta pa kukimbilia.

"Mheshimiwa," Fundi alisema, "mlango hauna komeo. Aliye ndani huimba, ili wa nje wajue."

Mkurugenzi alimtazama kuona kama anataniwa. Hakuwa na muda wa kuchunguza zaidi.

"Niimbe nini?"

"Chochote, mradi usinyamaze."

Mlango ukarudishwa. Kukawa kimya kidogo, kimya cha mtu anayetafuta wimbo kichwani na haupati. Kisha, kwa sauti nzito na nzuri kuliko ambavyo mtu angetarajia, ukaanza wimbo wa taifa.

Askari alibana visigino na kunyooka kama mlingoti. Mwalimu mkuu akashusha mikono mapajani. Mwenyekiti wa mtaa akavua kofia. Wasichana, waliofundishwa tangu darasa la kwanza kwamba wimbo ule ukianza hakuna kutikisika, walisimama wima na shida zao zote, macho mbele. Fundi alisimama kando ya pipa na kata mkononi. Mkurugenzi aliimba ubeti wa kwanza, na kwa kuwa alikuwa amekunywa sana, akaimba na wa pili.

Alipotoka Fundi alimmiminia maji ya kunawa. Mtu alikuwa amepungua wasiwasi, na macho yake sasa yalikuwa na nafasi ya kuona. Aliwaona wasichana. Akauliza hawa wanangoja nini.

"Zamu yao," Fundi alisema.

"Kwani shuleni hakuna choo?"

Mwalimu mkuu akasafisha koo. "Viko kwenye mpango, mheshimiwa."

"Hawa ndio wenyeji wa hapa," Fundi aliendelea, akimpa taulo. "Leo umekuwa mgeni wao. Huwa wanakuja kila siku."

Mkurugenzi alifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. Akauliza nani anasafisha. Fundi akamjibu kwamba ni yeye. Akauliza, na maji yale yote kwenye pipa?

"Alikuwa akijaza yule mliyekuja kumfungulia geti."

Askari alikuwa bado amebana visigino, kwa kuwa hakuna aliyemwambia alegeze. Fundi akawapa wasichana ishara waingie, na wimbo mwingine ukaanza, mwembamba na wa haraka haraka, huku wakubwa wakiondoka uani mmoja mmoja.

Kwenye hotuba yake Mkurugenzi alikuwa moto. Alisema yeye si kiongozi wa kukaa ofisini na kuletewa taarifa. Alisema hapo hapo, katikati ya sherehe, alikuwa ameamua kufanya ziara ya kushtukiza katika mazingira ya shule, na aliyoyaona kwa macho yake yalimsikitisha. Akaagiza vyoo vya wasichana vijengwe mara moja. Watu walisimama kumshangilia. Mwalimu mkuu alishangilia kuliko wote. Habari za wimbo hazikutajwa, na kwa upande wake Fundi aliona si vizuri kumwaibisha mgeni.

Safari hii neno mara moja lilimaanisha mara moja. Kabla ya mwezi kwisha lori la kwanza la tofali lilifika, likasimama mbele ya geti, na halikupita. Tao lilikuwa chini mno. Dereva akarudi nyuma, akajaribu kwa upande, akakwangua rangi ya nguzo. Wakatoa upepo kwenye magurudumu. Halikupita. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa jirani na upande mwingine mtaro, na mkandarasi, ambaye zabuni ya vyoo pia ilikuwa imemwangukia yeye, alilizunguka geti lake akijikuna kichwa kama aliyefumwa na swali la mtihani.

Mwalimu mkuu akaja sebuleni kwa Fundi. Safari hii hakuketi. Alieleza kwa mizunguko mingi, akitaja heshima, familia na hisia za wachangiaji, mpaka Fundi aliposimamisha cherehani, akatoka nje na futi ya kupimia shingoni. Akalitazama lori. Akalitazama tao.

"Bomoeni," alisema.

"Shemeji, geti lenyewe bado linanuka rangi. Watu watasema nini?"

"Watasema lori limepita."

Walibomoa mchana ule. Tao liliangushwa kwa nyundo, na nguzo mbili zikabaki zimesimama kama watu waliosahau walichokuwa wanazungumza. Picha ilikuwa imeshushwa kwanza kwa kamba, na vibarua wawili wakaileta mpaka mlangoni kwa Fundi, wakiuliza waiweke wapi. Nyumba ilikuwa ndogo na yule bwana wa kwenye picha alikuwa mkubwa. Fundi akawaambia wampeleke ofisini kwa mwalimu mkuu, maana ndiye aliyesema msibani kwamba alikuwa hafanyi uamuzi mzito bila yeye. Kwa kuwa hapakuwa na ukuta mwingine wa kutosha, walimtundika karibu na mlango wa nyuma.

Vyoo vilipokamilika vilikuwa vyoo kweli. Matundu ya kutosha, maji ya bomba, sakafu laini, na chumba maalumu kwa wasichana wakubwa. Kwenye ukuta wa mbele kiliwekwa kibao cha marumaru chenye jina la Mkurugenzi kwa herufi za dhahabu, tarehe aliyoweka jiwe la msingi na tarehe aliyofungua. Jina la Mwalimu halikuwepo popote. Siku ya ufunguzi Fundi alipewa kiti mstari wa tatu, nyuma ya mtu mwenye kofia pana. Alikuwa amejiandaa kuumia, na alishangaa kuona hakuumia sana. Watu walipokwenda kwenye soda yeye alibaki nyuma akapita mlango hadi mlango, akifunga na kufungua makomeo. Yote yalifunga.

Wiki ileile mwalimu mkuu akaja tena, na tabasamu la kuomba. Vyoo, alisema, vimeleta changamoto mpya: havijisafishi. Kamati imekaa, imetafakari, na imeona hakuna anayefaa kuvisimamia zaidi ya mama mwenyewe, ambaye ana uzoefu. Ingekuwa kwa kujitolea, bila shaka, ili kuenzi moyo wa marehemu.

Fundi alimalizia pindo lililokuwa chini ya sindano, akakata uzi kwa meno.

"Moyo huo alikuwa nao yeye," alisema, "na mmeshauzika, tena kwa sifa nyingi. Mimi nina mgongo tu. Ajirini mtu, mumlipe."

Wakaajiri mtu, wakamlipa. Ikaonekana kumbe iliwezekana tangu zamani.

Siku ya kwanza ya masomo vyoo vikiwa wazi, kengele ya mapumziko ililia, na Fundi, mguu juu ya kanyagio la cherehani, akangoja kelele za uani. Hazikuja. Aliona kwa dirisha sare zake zikikimbilia upande mwingine. Akaenda uani akatazama. Kamba ya nguo ilikuwa tupu, pipa limejaa, mlango umerudishwa na nyuma yake hakuna mtu. Alikuwa ameuombea utulivu ule kwa miaka, ameulilia, ameugombania na mume wake. Sasa ulikuwa umekuja wote kwa mpigo, na hakujua aukalie wapi.

Akampigia simu binti yake.

"Nyumba iko kimya," alisema.

"Si ndicho ulichokuwa unakitaka, mama?"

"Ndicho."

Kisha Fundi akasema kwamba katika maneno yote yaliyosemwa msibani, na getini, na vyooni, hakuna mtu hata mmoja aliyetaja kwamba Mwalimu alikuwa anaogopa vyura. Mtu aliyeshinda mashimoni maisha yake yote, akikuta chura humo alitoka mbio na koleo, akaja kumwita mkewe. Binti akasema anakumbuka, na kwamba baba yake alikuwa akiwaibia kwenye karata, tena waziwazi, akificha karata ndani ya soksi na kutembea akichechemea.

"Suruali je, niliwahi kukuhadithia?" Fundi aliuliza.

"Suruali gani?"

"Ya kwanza niliyomshonea, ndiyo kwanza tumeoana. Nilikuwa sijui kazi vizuri. Mguu mmoja uliuzidi mwenzake, kiasi cha kuonekana na kila mtu. Niliona haya, nikataka kuifumua. Akakataa. Akaivaa kufundishia mwaka mzima. Mtu akimuuliza, anamwambia suruali iko sawa, miguu yake ndiyo imezidiana."

Binti alicheka. Fundi naye akacheka, akaketi kwenye kizingiti cha uani na simu sikioni, akacheka mpaka sauti ikambadilika kooni, na kile ambacho hakikutoka msibani kikatoka. Alilia kwa nafasi, hakuna aliyemshika mikono wala kumwambia alie. Binti yake alisubiri upande wa pili bila kukata simu.